Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kufanya paneli na kamera za eksirei zidumu huku Nyanda za Juu Kusini

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, nipo Mbeya mjini, na kazi yangu kubwa ni eksirei, hasa ile sehemu inayopokea picha, yaani paneli za DR (bapa linalotuma picha moja kwa moja kwenye kompyuta), kaseti za CR (zina sahani inayotunza picha mpaka isomwe kwenye mashine yake) na zile kamera za kwenye C-arm (eksirei yenye mkono wa umbo la C). Maswali ya hapa ndo nayopigiwa simu kila wiki na maradiografa na wenye vituo, mengine usiku kabisa, nimeona niyaandike sehemu moja ili mtu asome hata kama sipatikani hewani.

Kabla hujashuka chini shika hili moja, kwamba picha kutokea kwenye skrini haina maana kamera ni nzima. Kamera iliyokufa kabisa inamsumbua fundi na bosi. Kamera inayotoa picha ya uongo inamsumbua mgonjwa, na yeye mwenyewe hajui.

Hii paneli ni kamera kweli? Mbona haina lenzi?

Ni kamera. Haina lenzi kwa sababu mionzi ya eksirei haipindishwi na kioo cha lenzi kama mwanga wa kawaida, kwa hiyo kinachofanyika ni kupokea kivuli cha mwili kwenye bapa kubwa kama sentimita 35 kwa 43. Ndani yake, paneli nyingi tunazokutana nazo zina tabaka linalogeuza mionzi kuwa mwanga, aidha cesiamu ayodaidi au lile la gadoliniamu, halafu chini yake kuna kioo chembamba chenye pikseli mamilioni kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Hicho ni kioo jamani, kikipigwa kinapasuka. Aina nyingine zina kamera ya CCD kabisa (yenye chipu inayogeuza mwanga kuwa picha) ndani ya boksi, inatazama tabaka la mwanga kupitia kioo cha kurudisha picha, na C-arm za zamani zina tyubu kubwa ya kukuza mwanga na kamera nyuma yake.

Nini hasa kinaua kamera hizi huku kwetu?

Watu wengi wanadhani ni mionzi, au ni uzee. Kwa nilizofungua mimi ni vitu vinne: kuanguka, unyevu, umeme, na joto au baridi ya ghafla.

Angalia ramani yetu uone. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, Njombe ni juu zaidi na baridi yake mnaijua, ukishuka Kyela upo karibu na Ziwa Nyasa kwenye joto na unyevu wa kutosha, katikati hapo Tukuyu mvua haiishi, na upande wa Usangu na Chunya ni vumbi kiangazi kizima. Paneli nyingi zimeandikwa zifanye kazi kati ya nyuzi 10 na 35, na unyevu usiozidi kiwango fulani, angalia kitabu cha yako. Sasa gari la huduma ya mkoba linaweza kutoka Njombe alfajiri na kuwa Kyela mchana, kwa siku moja paneli imepita hali zote mbili, na hakuna aliyefikiria kuiandaa.

Ile cesiamu ayodaidi ni chumvi na inavuta maji. Imepangwa kama sindano ndogo ndogo zilizosimama, ndo maana picha yake ni kali, ila unyevu ukipenya kwenye mpira wa pembeni zile sindano zinaanza kulainika na kushikana, picha inafifia kuanzia kwenye kingo. Haina dawa. Hakuna kukausha juani wala kuweka kwenye mchele, ukishaona kingo zimeanza ukungu huo ni mwanzo wa safari ya mwisho. Gadoliniamu inavumilia zaidi ila kwa dozi ileile picha yake haifikii ukali huo.

Asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 paneli inagoma au picha inatoka na mawingu, nifanyeje?

Kwanza usiiwashe haraka. Paneli iliyolala kwenye gari au kwenye chumba cha baridi ukiiingiza kwenye chumba chenye joto inatoa jasho, kama chupa ya soda ukiitoa kwenye friji, tofauti ni kwamba jasho la paneli linaweza kuwa ndani usilione. Iache ndani ya begi lake limefungwa, iweke chumbani, isubiri izoee, mimi nasema masaa mawili au zaidi kama tofauti ya joto ni kubwa. Wagonjwa watasubiri, waeleze vizuri tu wataelewa.

Pili, ikishawaka ipe muda wa kupasha, nusu saa hivi au kama kitabu kinavyosema, kwa sababu paneli inatoa mkondo wake mdogo hata bila mionzi na ule mkondo unabadilika na joto. Softiwea inachukua picha ya giza, yaani iliyopigwa bila mionzi, na kuiondoa kwenye picha ya mgonjwa ili kusafisha. Kama picha ya giza ilichukuliwa paneli ikiwa ya baridi halafu mgonjwa amepigwa ikiwa ya moto, hesabu haikubali, ndo hayo mawingu.

Na usiweke hita ya umeme karibu nayo. Nimekuta hita imeelekezwa kwenye stendi ya kifua upande mmoja, picha zote upande huo zina kivuli.

Kuna doa jeupe linatokea palepale kwa kila mgonjwa, ni paneli imekufa?

Hapa naomba nieleze kwa kirefu maana hili lilinigusa.

Kituo kimoja, sitakitaja, walinipigia simu kwa shida nyingine kabisa, chaja. Nikiwa nasubiri nikaangalia picha za vifua za wiki ile kwenye kompyuta, nikaona mzee mmoja ana kidoa cheupe cha mviringo pafu la kulia, kidogo kama punje ya hindi. Picha ya pili, dada wa miaka ishirini na kitu, kidoa palepale. Ya tatu palepale. Nikatoa kifuniko cha plastiki cha stendi nikapitisha kidole, nikakuta tone limekauka, gumu, lina rangi ya kahawia kidogo. Ilikuwa ile dawa inayotumika kuonyesha mishipa na figo, ina ayodini, inazuia mionzi kama mfupa. Ilimwagika wakati wa kipimo kingine, wakafuta juu juu.

Yule mzee alikuwa ameshaandikiwa rufaa kuja Mbeya kwa ajili ya uvimbe kwenye pafu, ameuza mahindi apate nauli. Tukafuta lile tone, akarudiwa picha, pafu safi.

Kwa hiyo ukiona doa, fanya hivi: piga picha moja bila mtu, uangalie. Doa lipo? Geuza paneli upande mwingine upige tena. Doa likihama na paneli, shida ipo kwenye paneli au juu yake. Likibaki palepale, shida ipo kwenye tyubu inayotoa mionzi, kwenye kioo cha mwanga cha kolimeta (kile kifaa cha mbele ya tyubu kinachopunguza upana wa mionzi), au kwenye meza. Dakika tano tu. Kisha futa kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo spiriti au kile kitabu kinachoruhusu, unamimina kwenye kitambaa, usipulizie kwenye paneli moja kwa moja maana inaingia kwenye viungo.

Kalibresheni ni nini, na nifanye mara ngapi?

Pikseli milioni kadhaa haziwezi kufanana, moja inasikia mwanga zaidi nyingine kidogo. Kalibresheni ni kuifundisha kompyuta tofauti hizo ili izisawazishe. Kuna ya giza, ambayo paneli nyingi zinajifanyia zenyewe, kuna ya mionzi sawa, ambayo unapiga bila kitu chochote mbele isipokuwa bamba la shaba au aluminiamu kwenye mdomo wa tyubu, halafu kuna orodha ya pikseli mbovu.

Mara ngapi inategemea paneli, wengine wanataka kila miezi 6 wengine kila mwaka, fuata kitabu. Lakini kuna nyakati hupaswi kusubiri tarehe: ukibadilisha tyubu, paneli ikianguka, ikisafirishwa mbali, au msimu ukibadilika sana kama hapa kwetu kutoka mwezi wa 7 kwenda wa 10. Makosa nayokuta zaidi ni matatu. Mtu anakalibreti paneli haijapata moto. Mtu anaacha kitu kwenye njia ya mionzi, mkanda, shuka lenye mkunjo, na mkunjo ule unaingia kwenye kumbukumbu halafu unatokea kinyume kwenye kila mgonjwa. Na mtu anapiga kwa umbali wa mita 1 wakati kifua anapiga mita 1.8, mionzi ya tyubu upande mmoja ni dhaifu kuliko mwingine na hiyo tofauti inabadilika na umbali.

Na tafadhali, mafaili ya kalibresheni ni ya paneli hiyo moja tu yenye namba yake. Kompyuta ikifa nayo yamekufa. Yakopi kwenye flashi mbili, moja ikae kwenye kabati la ofisi. Nimeona kituo kinakaa wiki tatu bila eksirei, paneli nzima, tyubu nzima, kilichokosekana ni faili.

Pikseli mbovu si softiwea inaziba yenyewe, shida iko wapi?

Softiwea inaziba kwa kukisia kutoka kwa majirani. Pikseli moja moja haina neno, kila paneli inazo tangu kiwandani. Shida ni zikikaa kundi. Kundi la pikseli nyingi likizibwa, pale picha inakuwa ya kubuni, na mvunjiko mwembamba wa mfupa wa mtoto unaweza kupotea humo bila mtu kujua. Mimi nawaomba kila unapokalibreti andika idadi ya pikseli mbovu kwenye kaunta buku. Namba ikitulia sawa. Namba ikipanda kila mara, anza kutafuta hela ya paneli nyingine sasa, usisubiri izime.

Kuna mkanda mweusi umekata picha toka juu hadi chini

Pima upana wake. Chipu zinazosoma paneli nyingi zina njia 128 au 256, na kama pikseli yako ni milimita 0.14 basi chipu moja ni karibu milimita 18 au 36. Mkanda ukiwa na upana huo, chipu au waya wake mwembamba umeachia, mara nyingi baada ya kuanguka au kukandamizwa. Mstari mmoja mwembamba kama uzi ni njia moja tu na huo unaweza kuzibwa. Mkanda mzima usizibwe, hata kama fundi anakwambia ataumaliza kwenye softiwea, kataa.

Umeme na radi tunafanyaje?

Mvua zikianza mwezi wa 11 mpaka wa 4 simu yangu haitulii. Mashine ya eksirei inavuta umeme mkubwa kwa sekunde ndogo sana, kwa hiyo kompyuta, chaja na boksi la paneli viwe kwenye laini yao na UPS yao, visichanganywe na jenereta ya mionzi. Stabilaiza ya dukani ya friji haitoshi, na usiunge mashine nzima ya eksirei kwenye UPS ya kompyuta.

Waya wa ardhi upimwe kwa kipimo chake, sio kwa macho. Kiangazi udongo ukikauka ardhi inakuwa mbovu, pima mwezi wa 9 au wa 10, ukipima masika utadanganywa na maji.

Halafu watu wanasahau kebo ya mtandao. Radi ikianza unachomoa umeme, vizuri, ila kebo ya intaneti iliyotoka jengo lingine imebaki imechomekwa na radi inapita humo humo mpaka kwenye paneli. Chomoa zote.

Paneli inajipiga yenyewe, au napiga mionzi yenyewe haishtuki

Hii ni kwa zile zinazohisi mionzi zenyewe bila kuunganishwa na mashine. Ikigongwa, mgonjwa akijiegemeza kwa nguvu, au kuna kitu cha umeme karibu, inaweza kudhani ni mionzi ikachukua picha tupu. Kutoshtuka mara nyingi ni mionzi kidogo sana, mfano vidole vya mtoto, au umefunga kolimeta kiasi kwamba mionzi haigusi sehemu ya kuhisi. Zijue sehemu hizo kwenye paneli yako. Mbaya ni kwamba mgonjwa ameshapata dozi na picha hakuna, kwa hiyo kama mashine yako inakubali kebo ya kuunganisha, unganisha. Waifai nayo ikisumbua tumia kebo, au hamia kwenye masafa ya 5 GHz maana ya 2.4 yamejaa simu za watu.

Betri?

Isikae imejaa asilimia mia kwenye joto, na isihifadhiwe tupu. Kama unaiweka muda mrefu iache nusu. Ikivimba itoe siku hiyohiyo, inasukuma kioo kwa ndani.

Bado tunatumia CR, tuna la kufanya au ndo tumeachwa?

Hamjaachwa, CR iliyotunzwa inashinda DR iliyotelekezwa. Sahani ya CR inatunza picha kama chaji, kwa hiyo ukishapiga isome mapema, ikikaa inafifia. Sahani iliyolala Jumamosi na Jumapili ifute tena Jumatatu kabla ya mgonjwa wa kwanza, maana inakusanya mionzi ya asili ya mazingira. Na ukiona mstari mweupe mnyoofu unaofuata njia sahani inavyotembea kwenye mashine, hilo ni vumbi kwenye njia ya mwanga ndani ya kisomeo, sio ugonjwa. Wa Mbarali na Chunya nawaomba mfunge dirisha la chumba cha kisomeo na mdeki kwa maji, msifagie kavu.

Hivi mionzi yenyewe haiui kamera?

Inachosha taratibu, ila paneli ya hospitali imetengenezwa kwa hilo. CCD ndo inaumia zaidi, ndo maana kwenye yale maboksi inawekwa pembeni, inatazama kupitia kioo, na mara nyingi kuna kioo chenye risasi mbele yake.

Kuna mfano mmoja naupenda sana. Darubini ya eksirei ya Chandra ya Marekani ilirushwa angani mwezi wa 7 mwaka 1999. Wiki za mwanzo tu kamera zake za CCD zikaanza kuharibika, wakagundua kwamba inapopita kwenye mikanda ya mionzi inayozunguka dunia, protoni zinaingia mdomoni na vioo vyake vinazielekeza moja kwa moja kwenye kamera. Hakuna fundi wa kupanda huko. Wakabadilisha utaratibu tu, kila ikikaribia ile mikanda kamera inasogezwa isikae kwenye njia ya vioo, na miaka zaidi ya ishirini baadaye bado ilikuwa inapiga picha. Wanaitunza kwenye baridi kali pia, kama nyuzi 120 chini ya sifuri, ili ule uharibifu usionekane sana. Nawasimuliaga maradiografa hii kwa sababu spea hawakuwa nayo, walichokuwa nacho ni utaratibu na wakaushika.

Namba ya EI imebadilika na sijabadilisha kitu

Hiyo namba inakwambia paneli imepokea mionzi kiasi gani. Ile nyingine ya DI inakwambia umekosea kiasi gani toka kwenye lengo: 0 ni sawa, 3 juu ni mara mbili ya mionzi inayotakiwa, 3 chini ni nusu yake. Kila Jumatatu kabla ya wagonjwa piga picha moja bila mtu chumbani, kV (nguvu ya mionzi) ileile, mAs (kiasi cha mionzi) ileile, umbali uleule, bamba lilelile, uandike EI. Ikishuka polepole kwa miezi, ama tyubu imechoka ama paneli imechoka, na kipimo cha dozi ndo kinaamua nani. Bila daftari utabaki unaongeza mAs kidogo kidogo bila kujijua, na wa kuibeba hiyo nyongeza ni wagonjwa wote wa wilaya.

Tumeletewa programu ya kompyuta inayosoma TB kwenye kifua, hiyo si inatosha?

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu hizi mwaka 2021 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, na kwenye huduma ya mkoba zinasaidia mno. Lakini programu haishiki kifuniko cha stendi kwa kidole. Mawingu ya baridi na matone inaweza kuyasoma kama ugonjwa, au ukungu wa paneli ukaficha ugonjwa wenyewe. Ukiona siku moja watu wengi kupita kawaida wanapewa alama za juu, simamisha kwanza, piga picha tupu.

Nataka kununua paneli iliyotumika, niangalie nini?

Omba picha tupu ya mionzi sawa, ikiwa ghafi haijasafishwa na softiwea. Omba orodha ya pikseli mbovu. Paneli nyingi mpya zina kumbukumbu ya mara ngapi zimeanguka, omba uione mbele yako. Mafaili ya kalibresheni na leseni ya softiwea viwepo, betri mbili, chaja yake halisi. Angalia kingo za picha kama kuna ukungu. Muuzaji akisema vyote vipo ila utavipata baadaye, usitoe hela. Na vibali vya Tume ya Nguvu za Atomiki vifuatilie mapema, usingoje mashine ifungwe ndo uanze.

Nikiisafirisha toka Dar kuja Mbeya au Njombe nimpe kondakta wa basi aweke buti?

Hapana, nakuomba. Kutoka Dar mpaka upande Kitonga na kufika Makambako ile buti inajaa magunia, ndoo za mafuta na mabegi yanayohama kila kona. Iweke kwenye boksi gumu lenye sponji pande zote, betri nje ya paneli, isimame kwa ubavu, isilale chini ya kitu, pakiti za silika jeli ndani, halafu mtu wako apande nayo akiwa ameishika au kiti chake kiwe jirani. Ukifika usifungue boksi usiku ule. Fungua kesho yake, ipashe, piga picha tupu, linganisha na ile uliyopewa na muuzaji, ndipo umwite mgonjwa wa kwanza.